Mtoto wa Hale Aachwe Acheze Darasani: Majibu kwa Wanaopinga

Hoja zao tumezisikia wote. Zimesemwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye mabasi ya Korogwe na Tanga, na kwenye magenge ya kando ya barabara pale Hale. Waliozisema ni watu wazima wenye akili timamu, wanaowapenda watoto wao. Wanasema kuwalea watoto wa darasa la awali wajione kuwa raia wa dunia, tena kwa njia ya michezo, ni kupoteza muda wa shule na kuingiza mambo ya kigeni. Nimewasikiliza kwa makini, kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Nitazitaja hoja zao kama wenyewe wanavyozitaja, kisha nitasema kwa nini hazisimami. Hukumu ni yenu wasomaji.

Tukubaliane kwanza kinachobishaniwa. Hakuna anayetaka somo jipya lenye kitabu na mtihani. Kinachotakiwa ni mwalimu wa awali autumie mchezo kumzoesha mtoto mambo machache: kungoja zamu, kukubali kanuni iliyopangwa na wote, kumaliza ugomvi bila ngumi, kumpokea mgeni, na kujua kwamba vitu anavyovitumia vimepita mikononi mwa watu asiowajua. Mataifa yalipokubaliana Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, elimu hii ya uraia wa dunia iliwekwa kwenye lengo la nne, linalohusu elimu, katika shabaha yake ya saba. Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa hayo.

Hoja inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote ni kwamba mtoto anapelekwa shule kusoma, hapelekwi kucheza. Mzazi anayeisema si wa kupuuzwa. Amekata mkonge tangu alfajiri, au ameshinda juani akiwauzia machungwa abiria wa mabasi, na anataka mwanawe asiishie hapo. Akipita shuleni akawakuta watoto wanakimbizana uwanjani, huku mtoto wa jirani anayesoma shule ya kulipia anarudi na daftari lililojaa a, e, i, o, u, anaona mwanawe anaachwa nyuma. Uchungu wake naukubali. Hitimisho lake silikubali.

Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 haukuanza na herufi. Umahiri wa kwanza humo ulikuwa kuhusiana. Baada yake ndipo vilifuata kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanaa na dhana za kihisabati, na michezo ndiyo iliyokuwa njia iliyowekwa mbele katika kuvifundisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, imeitaja haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha ileile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayesema mchezo hauna nafasi shuleni habishani na mwalimu wa Hale. Anabishana na mtaala wa nchi na sheria iliyopitishwa na Bunge.

Lakini sheria peke yake haimtoshi mzazi, wala haipaswi kumtosha. Kwa hiyo tutazame mchezo wenyewe, na tuchukue mdako. Watoto wanne wamekaa kukizunguka kishimo chenye kokoto. Mmoja anarusha jiwe juu, na kabla halijashuka anazoa kokoto kutoka shimoni, kisha analidaka. Anarusha tena, anazirudisha kokoto zote shimoni isipokuwa moja. Hiyo moja ni yake. Raundi inayofuata anatakiwa kubakiza mbili, inayofuata tatu. Akibakiza pungufu au zaidi, au jiwe likimponyoka, zamu imekwisha na anampisha mwenzake. Hapo ndani mna kuhesabu na kutoa. Mna jicho na mkono vinavyofanya kazi pamoja, na mkono huohuo ndio utakaoshika penseli mwakani. Tena mna kitu ambacho daftari la irabu halina: wenzako watatu wanakukagua, nawe unaikubali hukumu yao bila mtu mzima kukusimamia, kwa sababu zamu yao ikifika wataikubali yako. Mtoto asiyekubali kanuni hachezeshwi. Anajifunza hilo ndani ya asubuhi moja, bila hotuba.

Mwalimu mwenye jicho zuri anaongeza sentensi mbili tu. Anawaambia kwamba huko Korea kuna watoto wanaorusha vijiwe na kuvidaka namna hii, na kwamba Wagiriki wa kale walicheza hivyohivyo kwa vifupa vya kondoo. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kujua Korea iko wapi. Anahitaji kusikia kwamba kuna mtoto mwingine, asiyemfahamu, ambaye jiwe lake nalo huwa linamponyoka.

Na anayetaka ushahidi nje ya Hale avuke maji aende Zanzibar. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 vilirushwa huko vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, kwa ajili ya watoto wa awali na wa madarasa ya chini. Wengine waliosikiliza hawakuwa na darasa, walikusanyika mahali pa wazi na mlezi wao na redio moja. Walilifuata somo kwa kuimba, kuruka, kupiga makofi na kujibu maswali, na humo walifundishwa lugha na hesabu. Kucheza ndiko kulikolibeba somo.

Hapa wapinzani wetu hukimbilia hoja ya pili, na naomba muione ilivyogongana na ya kwanza. Wanasema watoto wanacheza vya kutosha nyumbani, na mchezo wa mtaani ndio unaomlea mtoto, kwa hiyo shule iwaachie wazazi. Mchezo hauwezi kuwa upuuzi saa tatu asubuhi shuleni, kisha ukawa malezi saa kumi jioni nyumbani. Wachague moja. Wakisema unalea, basi hoja yao ya kwanza imekufa kwa mkono wao wenyewe.

Wakiichagua ya pili, bado haiwafikishi mbali. Nyumbani mtoto anacheza na nduguze na watoto wa jirani, ambao mara nyingi ni wa dini yake, wa kabila lake, wa hali yake. Mwenye mguu mlemavu anakaa kizingitini akitazama. Binti wa miaka sita tayari amebebeshwa mdogo wake mgongoni au ametumwa kisimani, na kaka yake ndiye anayecheza. Shuleni ndipo mahali pekee ambapo mtu mzima mwenye dhamana anaweza kusema leo sote tunacheza, na tunatafuta namna ya kumwingiza kila mmoja. Tukiliondoa hilo shuleni, hatumrudishii mzazi kazi yake. Tunawaondolea watoto fulani nafasi ambayo nyumbani hawaipati.

Hoja ya tatu ni ya umri, na imejengwa vizuri zaidi. Wanasema mtoto wa miaka mitano hajui mpaka wa Korogwe na Handeni, hajui Tanga ina wilaya ngapi, Tanzania yenyewe kwake ni wimbo wa asubuhi. Atauelewaje ulimwengu? Wafundisheni kijiji kwanza, dunia itafuata.

Kwa sehemu wanasema kweli, na kosa ni la baadhi ya walio upande wetu. Kuna wanaodhani uraia wa dunia ni kuwapa watoto bendera za nchi ishirini wazipake rangi, au kuwakaririsha salamu za lugha saba mbele ya mgeni rasmi. Mtoto anaimba, wageni wanapiga makofi, na kesho yake hakuna kilichobadilika katika namna anavyomtendea mwenzake wa dawati. Kazi ya namna hiyo siitetei. Ingekuwa ndiyo inayopendekezwa, ningekuwa upande wa wapinzani.

Lakini hoja yao inakosea inapodhani kwamba watu wengine huja kwa mtoto kwa mpangilio wa ramani: kijiji kwanza, wilaya ifuate, kisha taifa. Haiwi hivyo. Watu wengine huja wakiwa na sura. Chukueni kombolela, mchezo ambao kila aliyekulia pwani na bara ya Tanga anaujua. Mmoja anafumba macho kwenye mti na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja jina, na aliyetajwa ni mateka. Wanaweza kukamatwa wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja akichomoka mafichoni, akamtangulia mlinzi kwenye mti na kupiga ukelele, mateka wote wako huru. Mtoto wa miaka mitano aliyekombolewa na mwenzake aliyekuwa akimdharau ameelewa jambo ambalo watu wazima huandikiana mikataba kulieleza.

Sasa mwalimu anawakalisha kwenye duara na kuuliza. Nani leo alijificha peke yake kwa kuwa hakuitwa? Kwa nini? Tubadilishe kanuni gani ili asiyeweza kukimbia naye aweze kukomboa? Wanabishana. Mmoja anapendekeza huyo akomboe kwa kurusha mpira wa makaratasi mpaka kwenye mti badala ya kukimbia. Wanajaribu, mchezo unanoga, kanuni inabaki. Watoto hao wametunga sheria, wameirekebisha kwa ajili ya mwenzao, na wameitii. Kama hilo ni kubwa mno kwa umri wao, wapinzani watuambie ni umri gani hasa wanaotaka lianze, kwa sababu mtoto anayezoea kumtenga mwenzake akiwa na miaka mitano hasubiri kidato cha pili ili aanze kumtukana.

Nakuja kwenye hoja ninayoona inabeba zile nyingine zote. Wanasema uraia wa dunia ni mpango wa kigeni, umeletwa na wafadhili, utamfanya mtoto wa Kizigua, Kisambaa au Kibondei asahau kwao na asiwe mzalendo. Anayesema hivyo ana historia nyuma yake. Ukoloni ulikuja na shule, na shule ile iliwafundisha babu zetu kuona haya kwa jinsi walivyokuwa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Ila inapotumiwa Hale, inakuta mahali ambapo dunia ilishaingia zamani.

Tuanze na mmea ulioujenga mji. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge, mmea wenye asili ya Yucatan kule Meksiko, ikapitia Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, na kutoka hapo yakazaliwa mashamba yaliyotanda Tanga yote, Hale ikiwemo. Reli iliyotoka bandari ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukapata njia ya kwenda Ulaya. Wakatafutwa watu wa kuukata. Walitoka Kigoma, Songea, Singida, Rukwa, wengine walivuka mpaka kutoka Burundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri manamba, yaani vibarua wa mkataba, iliyoitwa SILABU. Wengi hawakurudi kwao. Walioa na kuolewa hapa, wakazikwa hapa. Wajukuu na vitukuu vyao ndio watoto tunaowazungumzia. Mkiita majina ya ukoo katika darasa la awali la shule yoyote iliyo karibu na shamba la mkonge, mtasikia nusu ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge na iliongoza dunia nzima. Kisha viwanda vya nchi za mbali vikageukia kamba za plastiki, bei ikaanguka, na zikiongezwa sababu zetu wenyewe za ndani, kufikia mwishoni mwa karne uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban sehemu ya kumi. Familia za Hale zilikosa mishahara kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa na watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Hale. Mwaka huohuo wa 1964 kituo cha umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kutumia maji ya mto Pangani. Maji hayo yanatoka Kilimanjaro, Meru na milima yetu, na mengine yanapitia Ziwa Jipe, ambalo nusu yake iko Kenya. Anayesema mtoto wa Hale afundishwe ya Hale tu atuonyeshe ya Hale tu ni yapi. Akiondoa mkonge, akaondoa umeme, akaondoa mto na akaondoa watu waliokuja kwa mguu na kwa reli, atabaki na nini cha kumfundisha?

Na wanaosema wanapinga kwa ajili ya Wazigua wasisahau Mzigua mwenyewe alikopitia. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwapeleka Wazigua wengi Somalia. Waliofanikiwa kutoroka walijificha kwenye misitu ya mto Juba na kujenga vijiji vyao, na Kizigua chao wakakihifadhi vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia ardhi ambayo wazee wao waliisimulia, wakaishia Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Tanzania iliwapokea na wengi wao ikawapa uraia. Wengine waliokuwa kambini Kenya walichukuliwa na Marekani, ambayo ilikubali kuwapokea karibu watu 12,000 wa jamii hizo za Juba, na leo wapo wanaoishi Lewiston, katika jimbo la Maine, mahali penye theluji. Kwa hiyo kuna mtoto Chogo mwenye babu aliyezaliwa Somalia, binamu walioko Marekani na lugha iliyotoka Handeni na kurudi Handeni baada ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Kwa mtoto huyo dunia ndiyo ukoo wake. Mwenzake wa dawati anahitaji kuwa tayari kumpokea kama ndugu, na utayari huo hauji kwa amri ya mwalimu mkuu.

Wala Chogo haiko peke yake. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, hukohuko Handeni, na watoto waliokua wakiongea Kimaasai wamejikuta na majirani wa lugha nyingine. Mtu awe na maoni yoyote kuhusu uhamisho ule, watoto hawakuuamua, na uwanja wa michezo ndio mahali wanapoweza kuelewana kabla Kiswahili chao hakijakaa sawa.

Kuhusu uzalendo, waulizeni wazee waliokuwa na kadi ya TANU. Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Haikuwa ahadi ya kumi, ilikuwa ya kwanza. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1994, na watoto wa shule za wakati ule waliyajua majina ya Msumbiji, Angola na Zimbabwe kabla hawajavuka mto Wami. Hakuna aliyewaita wasaliti wa nchi yao. Kwa vipimo vya Mwalimu Nyerere, huo ndio uliokuwa uzalendo. Wapinzani wanaosema wanalinda urithi wa taifa wameiacha sehemu yake iliyo bora zaidi.

Wapo miongoni mwao wanaosema yote hayo na papo hapo kuleta hoja nyingine, na hapa ndipo mgongano ulipo mkubwa kuliko kote. Wanasema kama mnataka mtoto wa dunia, mfundisheni Kiingereza. Anayeweza anampeleka mwanawe wa miaka mitatu kwenye shule ya kulipia, akaimbe siku za wiki kwa lugha ambayo hakuna anayeiongea nyumbani. Mantiki yao ni kwamba ajira ziko huko na dunia inaongea Kiingereza.

Pimeni wenyewe. Mchezo wa kombolela, uliochezwa na mabibi zetu, wanauita ukoloni. Lugha ya mkoloni, inayomnyamazisha mtoto mbele ya mwalimu wake na kumfanya aogope kuomba ruhusa ya kwenda chooni, wanaiita maendeleo. Hofu ya ugeni iko wapi hapo? Kama ugeni ndio tatizo, hoja ya Kiingereza ingeanguka kwanza. Kama ugeni si tatizo, basi pingamizi lao dhidi ya michezo yetu halina miguu. Sipingi Kiingereza. Mtoto akifike kwa wakati wake, akiwa na msingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba kuijua dunia ni kuijua lugha moja ya dunia. UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la Novemba 2021, na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mtoto wa Hale anayejieleza vizuri kwa Kiswahili, anayeuliza swali bila woga na kumsikiliza mwenzake mpaka amalize, anaweza kuongea na mtoto wa Mombasa, wa Bujumbura na wa Bukavu leo hii. Aliyekariri rangi saba kwa Kiingereza hawezi kuongea na yeyote.

Ya dini nitaijibu kwa ufupi, kwa kuwa imeshajibiwa na watu wa dini. Inasemwa kwamba michezo ya shuleni itawaharibia watoto adabu ya chuoni, yaani madrasani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi wa aina hiyo kuhusu watoto wao, na jibu lililopatikana Mombasa lilikuwa mpango wa elimu ya awali ndani ya madrasa zenyewe, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioujenga tangu mwanzo. Watoto walisoma Kurani na dua, na katika chumba hichohicho walicheza kwa vifuu, makumbi, kokoto na vitambaa. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Kama mchezo na Kurani vilikaa pamoja Mombasa na Unguja, hata Korogwe vitakaa.

Nimeibakiza mwisho hoja iliyo na nguvu kuliko zote, na sitaipunguza. Wanasema madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, vifaa hakuna. Ni kweli. Kiwango kilichowekwa kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na katika shule nyingi za umma kiwango hicho kimepitwa mbali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika. Lilikuwa jambo jema, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu wa awali mwenye watoto themanini mbele yake, wengine wakiwa hawajanywa uji, anastahili heshima kabla ya kupewa ushauri wowote.

Lakini fuateni hoja hiyo hadi mwisho wake mwone inakofika. Njia ya ubao na chaki ndiyo inayoshindwa kwanza mbele ya watoto themanini. Mwalimu hawezi kuishika mikono themanini ikajifunza kuumba herufi, hawezi kusahihisha madaftari themanini kwa kipindi kimoja, na wa nyuma hawamsikii. Mdako unachezwa na wanne wanne, bila mwalimu kusimama juu yao. Kombolela inachukua kumi. Akishawazoesha kujipanga, mwalimu anabaki na nafasi ya kumkalia mmoja mmoja anayehitaji msaada. Kadiri darasa lilivyojaa, ndivyo mchezo uliopangwa vizuri unavyohitajika.

Ama vifaa, Hale inavyo. Vizibo vya soda vya kuchezea duka, mabua ya mahindi ya kutengenezea magari, mchanga, mbegu za ukwaju. Na kamba. Wakatie watoto kipande cha kamba ya mkonge, mita nne hivi, wawili washike ncha na wengine waruke huku wakihesabu kwa sauti. Wakichoka, wakae chini wawe wameishika, na mwalimu aulize maswali yasiyohitaji kitabu. Nani aliulima mkonge huu? Nani aliukata, na miiba ilimfanya nini mikononi? Kamba nyingine inakwenda wapi ikitoka bandarini Tanga? Huko inamfungia nani mzigo wake? Nusu ya darasa wana baba au mama mwenye majibu ya maswali mawili ya kwanza, na watayauliza wakirudi nyumbani jioni. Mtoto ambaye ameambiwa siku zote kwamba kazi ya baba yake ni ya watu waliokosa elimu atagundua kwamba kuna watu wa mbali wanaoitegemea.

Hoja ya uhaba, basi, ni ya kweli lakini imeelekezwa pasipo pake. Inatakiwa ipelekwe halmashauri, kwa anayepanga ikama ya walimu na kwa anayesimamia ardhi ya shule. Wapo wanaoitumia kuufuta mchezo, na vikao vingine vinavyosema hakuna fedha za vifaa hupitisha mchango wa kuchapisha mitihani ya majaribio kwa watoto wa miaka mitano. Fedha hiyo ingenunua kamba na mipira ya shule nzima, na ikabaki ya uji.

Hizo ndizo hoja zao, na hayo ndiyo majibu yangu. Mmoja wao akija na jipya, na aje nalo kikaoni lipimwe. Ninachowaomba ninyi wazazi wa Hale, Korogwe na Handeni ni mambo ya kutendeka. Kikao kijacho ulizeni mwalimu wa awali ana watoto wangapi, na jibu likiwa zaidi ya 25, mwandikieni diwani wenu kudai mwalimu mwingine, mkataje idadi hiyo kwenye barua. Uwanja wa shule ukitakiwa kumegwa kwa vibanda vya biashara, kataeni. Na mkipita asubuhi mkawakuta watoto wa awali wako nje na kokoto au na kamba, msimwite mwalimu wao ofisini ajieleze. Mwacheni afanye kazi yake.